Msalaba Kwenye Jalada: Kweli na Uongo Kuhusu Riwaya za Kihistoria za Kikristo

Mtu akiona msalaba kwenye jalada la riwaya, mara nyingi ameshaihukumu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mlokole anainunua akiamini itamjenga kiroho. Asiyependa mahubiri anairudisha kwenye rafu. Wote wawili wamejipunja. Riwaya nzuri ya kihistoria inayohusu Ukristo haishughuliki sana na kama Mungu yupo au hayupo. Inamchukua mtu mmoja, inamweka mahali ambapo dini yake na kwao havipikiki chungu kimoja, kisha inamwuliza: wewe ni nani? Haya hapa madai yanayosikika kila vitabu hivi vinapotajwa. Mengi ni uongo, mengine yana kaukweli ndani yake.

"Huandikwa na watu wa kanisa, kwa ajili ya kanisa."

UONGO. Lew Wallace, aliyetoa riwaya ya Ben-Hur mwaka 1880, alikuwa mwanasheria na jenerali wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kitabu alikimalizia Santa Fe, akiwa gavana wa New Mexico. Mwaka 1876, ndani ya treni iliyokuwa ikienda Indianapolis, alikutana na Robert Ingersoll, msemaji hodari aliyejulikana Marekani nzima kwa kuipinga dini. Wakaongea kwa saa kadhaa. Wallace aliposhuka alikuwa na aibu, kwa kuwa alijigundua hana analolijua, si la kuutetea Ukristo wala la kuukanusha. Akaanza kusoma.

Mimbarini husimuliwa kisa kitamu zaidi: kwamba Wallace alianza kuandika ili aubomoe Ukristo, na Yesu akamshinda katikati ya kitabu. Ni ushuhuda mzuri, ila haukutokea. Wallace mwenyewe alieleza kwamba alikuwa mtu asiyejali, hana ugomvi na dini wala mapenzi nayo. Imani ilimjia taratibu kadiri alivyosoma na kuandika, na hata hivyo hakuwahi kujiunga na kanisa lolote mpaka alipofariki mwaka 1905.

"Ukishasoma Ben-Hur na Quo Vadis, umelijua Kanisa la mwanzo."

UONGO, tena mkubwa. Yuda Ben-Hur anafungwa minyororo na kupiga makasia katika merikebu ya vita ya Warumi. Kwa kawaida wapiga makasia wa Roma walikuwa watu huru waliolipwa mshahara. Minyororo ile ni ya karne za baadaye sana, katika bahari ileile ya Mediterania. Vivyo hivyo Wakristo wa Kaisari Nero kutupiwa simba katika Koloseo, picha tuliyolishwa na sinema. Nero alikufa mwaka 68, na Koloseo ikafunguliwa mwaka 80. Hata yale mapango ya makaburi chini ya Roma, ambamo tunawaona waumini wamejificha na taa zao, yalianza kuchimbwa karne ya pili, na kazi yake ilikuwa kuzikia.

Kilicho kweli ni mateso yenyewe. Mwanahistoria Tacitus, ambaye hakuwapenda Wakristo hata kidogo, anaandika kwamba baada ya Roma kuungua mwaka 64, Nero aliwasingizia wao, wakararuliwa na mbwa, wakasulubiwa, wengine wakachomwa moto kuwa taa za usiku katika bustani zake. Baada ya maneno hayo ya Tacitus, sioni mwandishi wa riwaya alikuwa na haja gani ya kuongeza chumvi.

"Zinatueleza zaidi kuhusu enzi ya mwandishi kuliko enzi anayoisimulia."

KWELI. Mwandishi Mpoland Henryk Sienkiewicz alichapisha Quo Vadis gazetini, sehemu kwa sehemu, mwaka 1895 na 1896. Wakati huo Poland haikuwepo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimegawana nchi hiyo tangu karne ya 18, na ingerudi kuwa taifa mwaka 1918 tu. Sasa mtazame msichana wa riwaya yake. Lygia ni mateka katika Roma, anatoka kwenye kabila la Walygi, ambao nchi yao ya kale iko Poland ya leo. Mlinzi wake, Ursus, ni jitu la kwao. Kileleni mwa hadithi, Lygia anafungwa juu ya pembe za fahali wa mwituni aliyetoka nchi ya Wajerumani, na Ursus, mikono mitupu, anaivunja shingo ya mnyama yule mbele ya Kaisari. Msomaji wa Warsaw hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Kwa hiyo riwaya inayosemekana ni ya Mtume Petro na Nero ilikuwa pia riwaya ya Wapoland wanaojiuliza kama watu wasio na nchi bado ni watu. Jibu la Sienkiewicz lilikuwa kwamba wataishi kwa imani yao ya Kikatoliki. Unaweza kubishana naye. Mimi binafsi naona anawapendelea mno watu wa kwao. Lakini ukiusoma Ukristo wake bila kuiona Poland, umesoma nusu ya kitabu.

"Kimya ya Shusaku Endo inahalalisha kuikana imani."

UONGO, ingawa nawaelewa waliokasirika. Hapa inafaa tutulie kidogo.

Endo, mwandishi wa Japani, alibatizwa akiwa mtoto, kwa sababu mama yake, aliyekuwa ameachana na mumewe, alikuwa ameingia Ukatoliki. Alizoea kusema kwamba Ukristo wake ulikuwa kama suti ya Kizungu aliyovalishwa na mama: haikumkaa, na kuivua hakuweza. Alikwenda Ufaransa kusoma akiwa kijana, akarudi mgonjwa wa mapafu, na miaka iliyofuata akalala hospitali na kupasuliwa mara kadhaa. Mwaka 1966 akatoa riwaya yake ya Kimya.

Ukristo ulifika Japani mwaka 1549 pamoja na Mjesuiti Francisco Xavier, ukastawi kwa kasi, na mwaka 1614 serikali ya shogun ikaupiga marufuku nchi nzima. Maofisa walibuni kipimo rahisi. Bamba lenye sura ya Kristo au ya Bikira Maria liliwekwa chini, watu wakapanga mstari, kila mmoja akatakiwa kulikanyaga. Anayesita amejitaja. Endo aliwahi kuona bamba moja la aina hiyo Nagasaki. Kilichomkaa rohoni ni fremu ya mbao iliyolizunguka, kwa sababu ilikuwa na weusi ulioachwa na vidole vya miguu. Waliokataa kukanyaga wana sikukuu zao na majina yao yanasomwa altareni. Endo alitaka kujua habari za wenye vidole vile.

Ferreira na Rodrigues, mapadre wa riwaya hiyo, hawakutoka hewani. Cristóvão Ferreira, mkuu wa Wajesuiti nchini Japani, aliikana imani kweli mwaka 1633, baada ya kuning'inizwa kichwa chini ndani ya shimo kwa saa tano. Padre kijana Rodrigues ameumbwa kutokana na Giuseppe Chiara, Mjesuiti kutoka Sicily, aliyekamatwa, akakana, akapewa jina la Kijapani na mke, akafa akiwa chini ya ulinzi mjini Edo mwaka 1685. Katika riwaya, Rodrigues yuko tayari kufa. Hawamuui. Wanamsikilizisha wakulima wanaoning'inia shimoni, watu ambao wameshakana zamani, na kumwambia kwamba watashushwa siku atakapokanyaga yeye. Anakanyaga. Baadhi ya Wakatoliki wa Japani walikasirika, na si ajabu: mababu zao walikufa kwa kukataa jambo hilohilo.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wakosoaji huyapita. La kwanza liko mwishoni mwa kitabu, katika kurasa ambazo wengi huziruka kwa sababu zimeandikwa kama daftari la ofisa mlinzi, kavu kabisa. Humo, miaka mingi baadaye, yule padre anatakiwa kuandika upya hati ya kuikana imani. Hati ya pili ya nini, kama ya kwanza ilitosha? Na mtumishi wake Kichijiro, msaliti wa kila siku katika kitabu hicho, anakutwa na hirizi ya picha za watakatifu. Endo hakusema zaidi ya hapo.

La pili ni la historia yenyewe. Mwezi Machi mwaka 1865, wanakijiji wa Urakami waliingia katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa na mapadre wa Kifaransa, na mwanamke mmoja akamnong'oneza padre Petitjean kwamba wao na yeye ni wa moyo mmoja. Ilikuwa imepita miaka 250 tangu marufuku. Bila padre, bila misa, imani ilipokezwa kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto na watu ambao walikanyaga bamba walipoamriwa, wakarudi nyumbani kusali sala ya kutubu. Wafiadini waliacha mfano. Waliozaa na kufundisha sala ni waliokanyaga. Anayesema Endo aliwasifu waasi atueleze kwanza Wakristo wa 1865 walitoka wapi.

"Hayo ni mambo ya mbali, sisi hayatuhusu."

UONGO. Xavier huyohuyo, kabla hajafika Goa na Japani, alitia nanga Malindi mwaka 1542. Na miaka miwili kabla Ferreira hajaning'inizwa shimoni, Mombasa ilikuwa na kisa chake. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, baba yake aliuawa kwa njama ambazo Wareno walikuwa na mkono ndani yake. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 akarudishwa kuwa mfalme Mkristo wa mji wa Waislamu. Inasimuliwa kwamba alionekana usiku akisali kaburini kwa baba yake, kwa ibada ya Kiislamu. Mwezi Agosti 1631 akaingia ndani ya Fort Jesus na kumchoma kisu kapteni wa Wareno, akarudia jina la Yusuf, na Wakristo waliokataa kusilimu wakauawa, Waafrika wakiwemo. Waagostino walikusanya ushahidi ili watangazwe wafiadini.

Mtesi ni nani hapo, na mteswa ni nani? Mvulana aliyebadilishwa dini kabla hajaweza kuchagua, au wale waliochinjwa kwa kuwa walichagua? Endo angepewa kisa hiki asingelala.

Tunacho pia kitabu chetu. James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, nacho kikasomwa shuleni miaka mingi. Kinasimulia watu walionaswa bara, wakaswagwa hadi pwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza na kukabidhiwa kwa wamisheni wa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mji ulioanzishwa mwaka 1875. Mbotela aliandika habari za wazazi wake. Ni wa ukoo uleule uliotupatia mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Wahakiki bado wanabishana kama ni riwaya au ni historia, na wengi humlaumu mwandishi kwa kumsifu Mwingereza mno. Lawama hiyo ina haki. Ila fikiria hali ya watu wale: Wayao, Wanyasa, Wamakua, wamefika Mombasa bila ukoo, wenyeji wanawaona watumwa, nao wamepewa majina mapya ubatizoni. Kanisa ndilo lililowapa jina, shule, kazi na majirani. Mtoto wa Freretown akimsifu mmisheni, sehemu ya sifa hiyo ni shukrani, na sehemu ni kwamba hana kwao kwingine kwa kutaja. Mahali pale bado panaitwa Kengeleni, kwa ajili ya kengele yao.

"Ukiwa Mkristo wa kweli, unaacha ya kwenu."

Wamisheni wengi walisema hivyo, na wazee wengi wa kabila wakakubaliana nao. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, iliyotoka mwaka 1965 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama Njia Panda, inawakatalia wote. Nyuma yake kuna mgogoro wa mwaka 1929, makanisa ya misheni katika nchi ya Wakikuyu yalipowataka waumini wao waape kuacha tohara ya wasichana. Maelfu walitoka, wakaanzisha shule na makanisa yao.

Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka vyote viwili: Yesu wa baba yake na tohara ya wasichana wa rika lake. Anatoroka nyumbani, anakeketwa, kidonda kinaoza, anakufa hospitali ya misheni. Ngũgĩ hafichi kwamba ni kisu kilichomuua. Lakini Muthoni anakufa akisema amemwona Yesu, na hakuna upande, wa Makuyu ya Wakristo wala wa Kameno ya wanaoshika mila, unaojua la kufanya na maiti ya Mkristo aliyekuwa Mkikuyu kamili. Kila upande unamtumia kama hoja dhidi ya mwenzake. Ngũgĩ mwenyewe, aliyebatizwa James, aliliacha jina hilo miaka ya 1970, na alikuwa ameshautangazia mkutano wa kanisa la Presbiteri jijini Nairobi, mwaka 1970, kwamba yeye si Mkristo. Aliyeandika mmoja wa Wakristo hai kabisa katika fasihi ya Afrika Mashariki ni mtu aliyetoka kanisani.

Dai hili basi nalihukumu UONGO, japo gharama yake Muthoni aliilipa yote. Ukiwa na nafasi ya kusoma kitabu kimoja tu kati ya hivi, chukua Njia Panda. Ukipata nafasi ya pili, tafuta Uhuru wa Watumwa kwa wauza vitabu vya zamani, na ukisome huku ukibishana nacho.