Nimelipa au Nitalipa? Somo la Kitenzi kwa Madarasa ya Watu Wazima

Somo hili mmelisikia redioni. Sasa limepigwa chapa ili mlisome polepole na kurudia mahali mlipopitwa. Wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo tutaandika.

Somo letu ni juu ya kitenzi, yaani neno linalotaja tendo. Tutachukua kitenzi kimoja tu, nacho ni kulipa, tukigeuze katika nyakati zake na katika hali zake. Nimechagua neno hilo kwa sababu kila mtu mzima wa Shinyanga na Geita analihitaji. Mkulima wa pamba hulitumia, mfugaji hulitumia, mchimba dhahabu hulitumia.

Chukueni mfano huu. Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu amepeleka mawe yake kwenye karasha yasagwe. Bei waliyopatana ni shilingi 200,000. Ametoa shilingi 120,000 taslimu, na shilingi 80,000 zimebaki. Wanaandikiana karatasi. Ilipasa karatasi isomeke hivi:

Nimelipa shilingi 120,000. Nitalipa shilingi 80,000.

Lakini mwandishi alikuwa na haraka, akaandika hivi:

Nitalipa shilingi 120,000. Nitalipa shilingi 80,000.

Mchimbaji hajui kusoma, akatia dole gumba. Je, mmeona tofauti? Ni silabi moja tu: me imekuwa ta. Lakini kwa karatasi hiyo ya pili mtu huyu hajalipa hata senti moja. Anadaiwa shilingi 200,000 kamili. Siku ya ugomvi, wazee watakaoamua watasoma yaliyoandikwa, wala hawataweza kusoma yaliyokuwa moyoni. Basi tujifunze silabi hizo ndogo, maana ndizo zenye kubeba mzigo mkubwa.

SEHEMU YA KWANZA: VIUNGO VYA NENO

Andikeni neno nimelipa, kisha mlikate vipande vinne: ni – me – lip – a.

Kipande cha kwanza, ni, chataja mtu anayetenda. Kipande cha pili, me, chataja wakati. Kipande cha tatu, lip, ndicho mzizi, chenye maana yenyewe ya kutoa malipo. Kipande cha nne, a, ndicho mwisho wa neno. Mzizi ni kama jembe: mpini waweza kubadilishwa mara nyingi, lakini jembe ni lile lile.

Kwanza tubadilishe mtu, tuache wakati ulivyo. Someni kwa sauti:

Ninalipa, unalipa, analipa.
Tunalipa, mnalipa, wanalipa.

Mmeona? Mbele kumebadilika: ni, u, a, tu, m, wa. Lakini na na lip havikubadilika.

SEHEMU YA PILI: NYAKATI

Sasa tumwache mtu awe mmoja, tubadilishe wakati.

Nililipa. Tendo lilipita.
Ninalipa. Tendo linatendeka sasa.
Nitalipa. Tendo halijatendeka, litakuja.
Nimelipa. Tendo limekwisha, na matokeo yake yapo hadi sasa.
Hulipa. Ni desturi: kila mara hutendeka.

Mtauliza, kuna tofauti gani kati ya nililipa na nimelipa? Mtu asemaye "nililipa" anasimulia jambo lililopita. Mtu asemaye "nimelipa" anatuambia hali ya sasa: fedha imekwisha kutoka mkononi mwake. Kwa hiyo katika stakabadhi neno nimelipa lina nguvu.

Hapa wasemaji wa Kisukuma nawaomba mtege sikio. Katika Kisukuma kitenzi chenyewe hutenganisha jambo lililopita karibuni na jambo lililopita zamani. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni lugha ya Unguja, hakifanyi hivyo. Silabi li ni ile ile, ikiwa mlilipa leo asubuhi au mlilipa miaka kumi iliyopita. Basi msiiachie silabi hiyo kazi isiyoiweza. Andikeni na tarehe: "Nililipa tarehe 5 Juni." Kitenzi kitaje tendo, tarehe itaje siku.

Angalieni tena neno alilipa. Lina li mbili. Ya kwanza ni ya wakati. Ya pili ni ya mzizi. Wanafunzi wengi husahau moja wakaandika "alipa". Neno hilo nalo ni Kiswahili, lakini maana yake ni "analipa". Kwa kuangusha silabi moja mmeondoa jambo lililopita na kulifanya la sasa. Mwandikapo, hesabuni: a – li – lip – a.

SEHEMU YA TATU: KUKANUSHA

Kukanusha ni kusema hapana. Someni:

Sikulipa. Jambo lilipita, na sikulitenda.
Sijalipa. Mpaka sasa bado.
Silipi. Sitendi, au sikubali kutenda.
Sitalipa. Wala baadaye.

Tazameni sikulipa na sijalipa. Mtu asemaye "sijalipa" bado ameacha mlango wazi. Anakiri deni, na twatazamia ya kuwa atalilipa. Mtu asemaye "silipi" ameufunga mlango. Mdai mwenye busara husikiliza neno gani limetumika kabla hajakasirika.

Wakati wa sasa unapokanushwa, mwisho wa neno nao hubadilika: a huwa i. Silipi, hulipi, halipi. Hatulipi, hamlipi, hawalipi. Jihadharini na jozi hii:

Hulipa: ni desturi yake kulipa.
Hulipi: wewe hutoi malipo.

La kwanza ni sifa, la pili ni lawama, na kati yake pana herufi moja tu ya mwisho.

SEHEMU YA NNE: AMRI, OMBI NA SHARTI

Kitenzi hakitaji wakati tu. Hutaja pia nia ya msemaji: anaarifu, anaamuru, anaomba, au anaweka sharti.

Amri kwa mtu mmoja ni Lipa! Kwa watu wengi ni Lipeni!

Ombi, shauri au wajibu huishia kwa e: nilipe, ulipe, alipe, tulipe, mlipe, walipe. "Yafaa alipe kabla ya mavuno." Hapo hatujui kama amelipa au hatalipa, twajua tu linalotakiwa. Kukanusha kwake hutumia si: nisilipe, usilipe, asilipe.

Neno nilipe lina maana mbili. "Je, nilipe leo?" maana yake mimi ndiye mlipaji. "Nilipe leo!" maana yake wewe unilipe mimi. Redioni mtaitambua maana kwa sauti. Kwenye karatasi hakuna sauti. Kwa hiyo katika mapatano andikeni jina la anayelipa na jina la anayelipwa.

Sasa masharti:

Akilipa, atachukua mawe yake. Yawezekana akalipa.
Asipolipa, mawe yatabaki. Yawezekana asilipe.
Angelipa, kama angekuwa na fedha. Lakini sasa hana fedha.
Angalilipa, kama angalipata fedha mwaka jana. Lakini hakupata, na mwaka umekwisha kupita.

Katika mapatano ya deni tumieni ki na sipo, maana hutazama mbele. Nge na ngali ni maneno ya majuto na udhuru, hayamfungi mtu. Mkipewa karatasi isemayo "Ningelipa mwezi wa nane", irudisheni, mtake iandikwe "Nitalipa mwezi wa nane".

SEHEMU YA TANO: LUGHA YA MBALI, JAMBO LILE LILE

Huenda mmoja wenu akauliza: Je, ni sisi tu wenye taabu hii? La. Tuutazame Kihispania, lugha ya Hispania na ya nchi nyingi za Marekani ya Kusini na ya Kati. Kulipa kwao ni pagar. Nao wana mzizi usiobadilika, pag, ila wao hawabadilishi mbele ya neno, wanabadilisha nyuma. Ninalipa ni pago, unalipa ni pagas, analipa ni paga. Mtu na wakati vyote viwili vimeingia mwishoni mwa neno. Nililipa ni pagué, na nitalipa ni pagaré.

Na hapa pana jambo la kupendeza. Huko, hati ambayo mtu huiandika kuahidi kulipa deni huitwa pagaré. Yaani jina la hati yenyewe ni "Nitalipa". Wameona ya kuwa uzito wote wa karatasi ile umo katika wakati wa kitenzi, wakaupa karatasi kuwa jina lake. Basi mjue ya kuwa hata mbali ng'ambo ya bahari deni husimama juu ya mwisho wa neno, kama kwetu linavyosimama juu ya silabi ya katikati.

SEHEMU YA SITA: VITENZI VINGINE

Mkijua kugeuza kulipa, mmejua kugeuza mamia ya vitenzi: kupima, kuchimba, kuuza, kukopa, kuandika. Nimepima, sijapima, nipime, akipima. Njia ni moja.

Viko vichache vinavyokwenda kwa namna nyingine kidogo. Vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu ambavyo haviishii kwa a havibadiliki mwisho: kudai, kukubali, kujibu, kusamehe. Twasema ninadai, na kwa kukanusha sidai. Nakubali, na kwa kukanusha sikubali. Na vitenzi vifupi sana, kama kula na kuja, huishika ku katika nyakati kadhaa: nimekula, atakuja. Hivyo tutavisoma siku nyingine.

Wazee wetu wa nchi hizi za Ziwa walikwisha kuonja faida ya kusoma kwa ajili ya kazi. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Geita wakati ule ilikuwa wilaya ya Mwanza. Imekuwa mkoa mwaka 2012. Vitabu vya mradi ule vilifundisha kusoma kwa njia ya pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Shabaha ilikuwa mtu asome lile linalomlisha. Nasi leo tumefuata njia hiyo hiyo.

ZOEZI

Andikeni maneno haya katika daftari, mjaze kitenzi kulipa kama inavyotakiwa.

1. Jana mimi ... ushuru wa chama cha ushirika.
2. Mpaka leo yeye ... deni lake, bado tunamngoja.
3. Ninyi ... , mtapewa stakabadhi.
4. Yafaa sisi ... kabla ya mvua.
5. Kwa desturi mama huyu ... mapema.

Msitazame majibu kabla ya kuandika. Majibu ni haya: 1. nililipa. 2. hajalipa. 3. mkilipa. 4. tulipe. 5. hulipa.

Aliyepata yote matano, amsaidie jirani yake. Aliyekosa, asione haya. Arudie sehemu ile aliyokosea, kisha aandike tena.

Kabla hatujaagana, nawapa kazi moja ya nyumbani. Tafuteni karatasi yoyote ya malipo iliyo nyumbani mwenu: ya pamba, ya ada ya shule, ya mawe, au ya mkopo. Tieni mstari chini ya kila kitenzi. Kisha mwulize mtu nafsi yake: Hapa pameandikwa nimelipa, au nitalipa? Mkiona kosa, mwendeeni mwenzenu kwa upole mapema, mngali mnakumbuka wote wawili, mkalisahihishe pamoja mbele ya shahidi. Na tangu leo, dole gumba lisitangulie macho. Someni kwanza, ndipo mtie sahihi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.