Mipaka Isiyoonekana: Ndege Ndogo na Anga Inayodhibitiwa

Msafiri aliyepanda ndege ndogo ya kukodi kutoka Dodoma huona chini yake uwanda mpana wa rangi ya udongo na juu yake anga tupu, akadhani kuwa rubani anaweza kupita atakako. Hivyo sivyo ilivyo. Anga imegawanywa kama mashamba yaliyopimwa. Ziko sehemu ambazo rubani anayeongozwa na macho yake huweza kupita kwa hiari, mradi azingatie kanuni. Ziko nyingine, ziitwazo anga inayodhibitiwa, ambamo haruhusiwi kuingia kabla ya kupata kibali cha mwongoza ndege kwa redio. Mipaka yake haina ua wala bango. Imechorwa katika ramani, nayo ina sakafu na dari. Ndege inaweza kuwa halali kabisa mahali fulani, na ikipanda futi mia mbili tu ikawa imevuka mpaka.

Tunaandika habari hii kwa sababu wanaokodi ndege ndogo kwa kazi, kwa utalii au kwa kumpeleka mgonjwa hospitali hutuuliza mara kwa mara kwa nini ndege yao ilizungushwa, ikacheleweshwa au ikatakiwa kusubiri angani. Mara nyingi jibu limo katika mipaka hiyo.

Marubani wengi wanaovuka mpaka bila ruhusa si wakaidi. Wamepotea kidogo, au wamesoma vibaya kipimo. Uwanda wa kati una namna yake ya kumpoteza mtu. Kutoka Kongwa hadi Manyoni alama za kutegemea ni chache: bwawa la Hombolo, mbuga ya Bahi, ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde na, mbali kusini, maji ya Mtera. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa hufifisha hata hizo. Rubani aliyebabaika hutafuta reli, naye hufanya vema, kwa kuwa reli haidanganyi. Lakini reli hiyo hiyo humwongoza moja kwa moja hadi katikati ya jiji la Dodoma, ambako ndiko kiwanja cha ndege kilipo. Asipozungumza na mnara mapema, msaada wake umekuwa mtego.

Upepo nao una hesabu yake. Ndege inayokwenda kilometa 180 kwa saa, ikipigwa ubavuni na upepo wa kilometa 30 kwa saa bila rubani kurekebisha uelekeo, baada ya saa moja itakuwa kilometa 30 kando ya njia yake. Pua ya ndege imeelekea kulekule alikokusudia, na dira haionyeshi kosa lolote.

Kisha kuna suala la kimo, ambalo kwa Dodoma lina uzito wa pekee. Jiji hili liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Rubani anayeruka futi 2,000 juu ya nyumba za watu anasoma katika kipimo chake zaidi ya futi 5,600, kwa maana kipimo huhesabu kuanzia baharini. Aliyezoea kuruka pwani, ambako namba hizo mbili hukaribiana, anaweza kuchanganya. Tena kipimo chenyewe hufanya kazi kwa mgandamizo wa hewa, na lazima kirekebishwe kwa namba inayotolewa na kituo cha karibu. Tofauti ya hektopaskali 10 huleta kosa la futi 300 hivi, na hilo latosha kabisa kuvuka sakafu ya anga inayodhibitiwa.

Kwa nini jambo hili lichukuliwe kwa uzito? Tarehe 31 Agosti 1986, karibu na Los Angeles nchini Marekani, ndege ndogo ya mtu binafsi iliingia bila ruhusa, na bila rubani kukusudia, katika anga inayodhibitiwa. Iligongana na ndege ya abiria ya Aeroméxico juu ya mji wa Cerritos. Watu 82 walikufa, 15 kati yao wakiwa chini, majumbani mwao. Baada ya hapo Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria kufungwa mitambo ya kuonya juu ya mgongano, na ndege ndogo zinazokaribia viwanja vikubwa ziwe na transponda, yaani chombo kinachoijulisha rada kimo cha ndege.

Karibu zaidi na kwetu, tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo na ndege ya abiria ya Safarilink iliyokuwa na watu 44 ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, muda mfupi baada ya ile ya abiria kuondoka Wilson. Wawili waliokuwa katika ndege ya mafunzo walifariki. Ile kubwa ilirejea na kutua salama. Hatuitaji kama kisa cha rubani aliyepotea. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi ndege ndogo na kubwa zinavyobanana zinapogawana anga ya mji mmoja, na Dodoma, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa wingi, si kijiji tena.

Huenda msomaji akauliza kama rada haitoshi. Tanzania ina rada nne za kuongozea ndege za kiraia, zilizofungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, rada haioni ng'ambo ya mlima wala chini ya upeo wake, na ndege iliyozima transponda huweza kutoonekana kabisa. Sauti ya rubani redioni bado ndiyo ulinzi wa kwanza. Aliyepotea hutakiwa kusema kuwa amepotea, mara moja. Ikibidi kwa masafa ya dharura ya 121.5. Mwongoza ndege anayejua kuna mgeni angani anaweza kuzisogeza ndege nyingine. Asiyejua, hawezi.

Abiria ana sehemu yake, nayo ni ndogo lakini ina maana. Usimshinikize rubani akate njia kwa sababu kikao kinaanza saa tatu. Ukimwona anasikiliza redio, nyamaza. Akisema ameamriwa kusubiri au kuzunguka, hiyo si dalili ya uzembe. Kwa kuwa anga huweza kufungwa kwa muda kwa tangazo rasmi kwa marubani, uliza kabla ya kulipa: gharama ya kuchelewa au kutua kwingine itakuwa juu ya nani? Jibu liandikwe katika mkataba.

Jambo moja tunalisisitiza kuliko yote. Mwenye leseni ya urubani binafsi haruhusiwi kubeba abiria kwa malipo, hata akiiita fedha hiyo mchango wa mafuta ya safari yako. Ukimlipa, umepanda ndege isiyosimamiwa kama ya biashara, na likitokea la kutokea, bima inaweza kukataa kulipa familia yako. Dai kuona leseni ya kampuni na cheti chake cha uendeshaji ndege. Kampuni halali haikasiriki kuulizwa.

Ukiwa na malalamiko baada ya safari, yapeleke kwanza kwa kampuni kwa maandishi, ubaki na nakala. Andika tarehe, saa ya kuondoka na ya kutua, na namba ya usajili iliyochorwa ubavuni mwa ndege. Kwa ndege zilizosajiliwa Tanzania huanza na 5H. Usiporidhika na majibu, tuletee barua zote mbili, yako na yao.