Siku ya Kwanza ya Chekechea Isianze kwa Uongo

Kila ifikapo Januari, sisi wa kamati ya msikiti husimama mlangoni mwa darasa letu la awali, lililo ubavuni mwa msikiti, kuwapokea watoto wapya. Ni asubuhi ya furaha na machozi kwa pamoja. Sare bado zina mikunjo ya dukani, mabegi ni makubwa kuliko migongo inayoyabeba, na kina mama husimama chini ya mwarobaini wakijikaza wasilie.

Katika asubuhi moja kama hiyo alikuja baba akimwongoza mwanawe wa miaka mitano. Mtoto alikuwa mchangamfu; alitupa shikamoo mmoja mmoja, kisha akatueleza kwa bashasha kwamba anakwenda kwa bibi. Tulimtazama baba, naye akatukonyeza. Alimwingiza mtoto darasani, akamwambia amsubiri kidogo anunue karanga za njiani, kisha akatokea mlango wa nyuma. Nasi tukanyamaza. Tulidhani tunamsaidia.

Mtoto alizingoja karanga hadi saa nne. Alipotambua kwamba baba harudi, hakupiga kelele kama wenzake. Alijikunja kando ya mlango, akayakazia macho makubadhi yaliyopangwa kizingitini, akiyatafuta ya baba yake. Kwa muda wa wiki mbili hakugusa uji wala hakufungua kinywa kuimba. Mama yake alituambia jambo lililotuumiza zaidi: mtoto alikuwa amekataa hata kupelekwa kwa bibi yake wa kweli, ambaye alimpenda mno. Neno hilo la bibi lilikuwa limekwisha kuharibika.

Ndipo tulipoikumbuka hadithi tuliyoisoma chuoni na kuipita haraka, kama vijana wapitavyo mambo mengi. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Amir (r.a.) kwamba, alipokuwa mdogo, mama yake alimwita aje apewe kitu, na Mtume (s.a.w.) alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja tu, kwa mtoto mdogo, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi je, tulioushuhudia uongo wa karanga na kuukalia kimya?

Ndugu wazazi, wengi wetu hudhani kwamba kumwandaa mtoto kwa ajili ya chekechea ni kununua sare, begi na chupa ya maji. Hivyo vina nafasi yake. Lakini mzigo mkubwa ambao mtoto huubeba siku ile ni imani yake kwetu. Anakubali kuuachia mkono wetu na kuushika wa mtu asiyemjua, kwa sababu moja tu: sisi tumemwambia kwamba ni salama na kwamba tutarudi. Imani hiyo ikivunjwa, begi jipya haliwezi kuiunga.

Ukweli katika fomu

Maandalizi huanza kabla ya Januari, pale mzazi anapoandika fomu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia darasa hilo, ijapokuwa sare na madaftari yamebaki juu ya mzazi. Pamoja na hayo, wako wazazi wanaomwongezea mtoto mwaka mzima katika fomu ili awahi. Mtoto wa miaka minne huketishwa kama wa mitano, hutakiwa kushika penseli ambayo vidole vyake havijaiweza, kisha huitwa mzito. Uzito huo si wake. Umetoka katika tarehe tuliyoibuni sisi.

Asiye na cheti cha kuzaliwa asingoje siku ya mwisho. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 chini ya RITA, umewawezesha wazazi wengi kupata cheti bila malipo katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Kadi ya kliniki nayo itunzwe, kwani humsaidia mwalimu kujua historia ya chanjo na ukuaji wa mtoto.

Ukweli huo uhusu pia afya. Mwenye pumu, mwenye selimundu, asiyesikia vizuri au anayekojoa kitandani, mwalimu aelezwe faraghani. Wazazi huficha kwa kuona haya, na atakayelipa gharama ya haya hiyo ni mtoto. Tena mwalimu apewe jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto, na asimkabidhi kwa mwingine yeyote, hata awe ni jamaa.

Mazoezi ya nyumbani

Katika wiki chache kabla ya kufunguliwa shule, nyumba iwe chuo kidogo. Mtoto afundishwe kuvua na kuvaa nguo zake, kuistanji na kunawa mikono, kupiga bismillahi na kula kwa mkono wa kulia bila kulishwa, kutaja jina lake kamili na la mzazi wake. Afundishwe kusema kwamba anataka kwenda chooni, kwani wako watoto wanaojikojolea darasani kwa kutojua waombe vipi. Aambiwe pia, kwa maneno mepesi, kwamba mwili wake ni amana, na kwamba mtu akimgusa vibaya au akimtaka afiche siri, asiogope kuja kusema. Alale mapema baada ya Isha, ili asubuhi isiwe ya kuvutana.

Kisha apelekwe kulitazama darasa kabla ya siku yenyewe. Amwone mwalimu, achungulie choo, aujue mti wanaochezea wenzake. Aachwe kwa shangazi au jirani mwaminifu kwa nusu saa, kisha kwa saa moja, na kila mara mzazi arudi wakati ule aliousema. Hivyo atajifunza kwa vitendo kwamba anayeondoka hurudi.

Tusiwageuze watoto kuwa mapambo yetu

Lipo jingine linalotutia hofu: haraka. Mzazi anauliza mwezi wa kwanza, mwanangu mbona hajajua kusoma? Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliandika katika Ihyaa Uluumid-Diin kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mwema wa kumpumzisha, kwani kumzuilia mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake na kumfanya aichukie elimu. Hayo yaliandikwa na mwanachuoni mkubwa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, wala hakuna aliyemtuhumu kwa uvivu.

Mzazi asilazimike pia kuchagua baina ya Qur'ani na maandalizi ya shule. Katika miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu wa Mombasa walitaka vyote viwili, na kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan zikaanzishwa shule za awali za madrasa, ambazo baadaye zilienea Zanzibar na Uganda. Mtoto alijifunza sura fupi na dua, na papo hapo akahesabu kwa kokoto, mbegu na vifuu vya nazi. Kwa hiyo mzazi anapochagua darasa, asivutwe na rangi ya ukuta. Atazame kama watoto wanacheza, kama mwalimu anainama kuzungumza nao, kama choo ni safi, na kama fimbo haionekani.

Adhana ya Adhuhuri

Turudi kwa mtoto wetu. Mwalimu wake, mama mtu mzima mwenye hekima, alimwita baba akamwambia kwamba dawa ni moja: amwombe mwanawe radhi. Baba alisita, si jambo jepesi kwa mwanamume wa kwetu. Lakini alichuchumaa pale kizingitini akasema: "Mwanangu, siku ile nilikudanganya, nimekosea. Leo nakuacha hapa kwa mwalimu, nami nitakuja ukisikia adhana ya Adhuhuri."

Mtoto wa umri ule hajui saa, lakini adhana anaijua. Siku hiyo baba aliiacha kazi yake mapema, na muadhini hakuwa amemaliza alipotokea mlangoni. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne mtoto alikunywa uji. Kilio hakikukoma mara moja, ila sasa kilikuwa na mwisho unaojulikana.

Tangu mwaka ule kamati yetu imeweka sharti moja kwa wazazi wote: hakuna kutokea mlango wa nyuma. Mzazi amwinamie mwanawe, ampe salamu, amwombee dua, amwambie atarudi lini, kisha aondoke hata kama mtoto analia. Na wakati alioahidi ukifika, awepo. Asiyeweza kuwahi amtume mtu ambaye mtoto ameambiwa tangu asubuhi kwamba ndiye atakayekuja.

Nasi wa kamati tuna sharti letu. Mzazi akitukonyeza, hatunyamazi tena.