Simba Warejea Akagera

Hifadhi ya Taifa ya Akagera, iliyoko mashariki ya Rwanda katika mpaka wa nchi hiyo na Tanzania, ilianzishwa mwaka 1934. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na vifaru weusi zaidi ya 50, na simba walinguruma humo kila usiku. Leo simba na vifaru wamo tena, lakini wamerejeshwa kwa gharama kubwa.

Kutoweka kwao kulitokana na dhiki ya watu. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakimbizi wengi walirejea nyumbani pamoja na ng'ombe wao, nao walihitaji malisho. Mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa, ikabaki chini ya nusu ya eneo lake la awali. Simba alipokamata ng'ombe, wafugaji walitega sumu, hata simba wote wakaisha. Ujangili nao uliwamaliza vifaru. Wa mwisho alionekana mwaka 2007.

Mwaka 2010 Serikali ya Rwanda iliingia ubia na shirika la African Parks kuiendesha hifadhi. Kazi haikuanza kwa kuleta wanyama. Kwanza ulijengwa uzio wa umeme wa kilometa 120 hivi, uliokamilika mwaka 2013, ili kuwatenga wanyama wa porini na mashamba na mifugo. Ndipo mwaka 2015 simba saba walipowasili kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 walifuata vifaru weusi 18 kutoka huko huko, na mwaka 2019 wengine watano waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya.

Hata hivyo, uzio peke yake haujengi ujirani mwema. Mfugaji akimwona simba kuwa hasara tupu, sumu haitakosa kurudi. Kwa sababu hiyo, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa za Rwanda hutengwa kwa ajili ya wananchi wanaoishi jirani nazo, ijenge shule, zahanati na visima. Tena sheria inampa haki ya fidia mwananchi aliyedhuriwa na mnyama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Rwanda imeujenga ukuta huo. Nchi ambazo bado zina simba na vifaru wao wa asili zingali na nafasi ya kuziba ufa.