Mkataba wa Kazi na Wateja wa Mwajiri: Mipaka Iko Wapi?

Msimu wa alizeti unapowadia, mwenye mashine ya kukamua mafuta hutegemea watu kama anavyotegemea mashine. Fundi anayewafahamu wakulima kwa majina ana thamani kubwa. Ndiyo maana baadhi ya waajiri huweka sharti katika mkataba kwamba mfanyakazi akiondoka, asiwafuate wateja wala kuwashawishi wenzake waondoke naye.

Sharti hilo lina nguvu gani? Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinaeleza kuwa makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kadiri yanavyomzuia. Aliyeuza biashara pamoja na sifa yake njema anaweza kukubaliana na mnunuzi kwamba hatafungua biashara ya aina hiyo katika eneo lililotajwa, iwapo mahakama itaona mipaka hiyo ni ya haki. Mfanyakazi, hata hivyo, hajauza biashara. Ametoa nguvu na ujuzi wake kwa ujira. Nayo Ibara ya 22 ya Katiba inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi.

Tuchukue mfano wa fundi anayeacha kazi Kiomboi. Sharti la kumkataza kugusa mashine yoyote ya kukamua wilayani Iramba kwa miaka miwili lingemfungia riziki, na hilo ndilo sheria inalolikataa. Sharti la kutowafuata wateja ni jepesi kuliko hilo. Lakini likimkataza hata kumhudumia mkulima aliyekuja kwa hiari yake, linakaribia kuwa kizuizi kile kile. Mkulima ana uhuru wa kuchagua mahali pa kupeleka alizeti yake.

Hata hivyo, uhuru huo si ruhusa ya kuondoka na daftari. Ujuzi ni wa fundi. Orodha ya wateja, namba zao za simu na madeni yao ni kumbukumbu za mwajiri. Taarifa za wakulima hao zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vilevile, anayewaelekeza wateja kwingine ilhali bado anapokea mshahara anavunja uaminifu wa kazi.

Mwajiri anashauriwa kuandika bayana ni siri zipi anazilinda na kwa muda gani. Mfanyakazi asome kabla ya kutia saini, abaki na nakala, na anapoondoka adai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria.

Mgogoro ukitokea, upelekwe mapema Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kwa malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali, na siku 60 kwa migogoro mingine ya kazi. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda.