Pensheni isiyouliza ulifanya kazi wapi

Mkulima wa karafuu wa Pemba hapewi barua ya kustaafu. Siku miguu ikikataa kupanda mkarafuu, ndiyo amestaafu. Mvuvi naye ni hivyo hivyo, na mama aliyeinama miaka yote kwenye shamba la mwani kule Paje. Hawakuwa na mwajiri wa kuwakata mchango wa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, kutoka bajeti yake yenyewe. Haikuuliza nani maskini.

Ubishi ukazuka, na bado upo. Kwa nini mwenye nyumba ya ghorofa alipwe sawa na bibi wa kibanda cha makuti? Jibu liko kwenye hesabu zaidi kuliko kwenye huruma. Kuchuja maskini kunataka wadodosaji, fomu na rufaa, halafu fitina: sheha kamwandika shemeji yake, kamwacha jirani. Umri hauna shemeji. Kuuthibitisha nako kuna kazi yake, maana wazee wa kwanza kulipwa walizaliwa kabla vita vya Hitla havijaisha au mara tu vilipoisha, na wengi hawakuandikiwa cheti.

Fedha hiyo haikai. Mzee akiipokea, anapita dukani kulipa mchele na sukari alivyokopa tangu mwezi uliopita. Kinachobaki kinaliwa na nauli ya hospitali au viatu vya shule vya mjukuu. Muuza duka anayejua kwamba bibi ana tarehe yake ya malipo humkopesha bila kununa, na hilo si dogo.

Tusiikuze mno, hata hivyo. Kiwango kilikaa palepale hadi 2023 ndipo kikapandishwa kuwa 50,000, na bei za sokoni hazikukisubiri. Pensheni isiyofungwa na bei kwa kanuni hugeuka hisani ya kiongozi, na hisani huja karibu na uchaguzi.

Wanaosema tungesubiri tutajirike kwanza watazame Japani. Ilikamilisha pensheni ya raia wote 1961, wakati wenye miaka 65 na zaidi hawajafika 6 katika kila watu 100. Leo wanakaribia 30. Mfumo ule umewaelemea Wajapani, na umri wa kuanza kulipwa umesogezwa kutoka 60 kuelekea 65. Lakini kuujenga leo, wazee wakiwa wengi hivyo na vijana wakipungua, kungekuwa kazi ngumu zaidi. Sisi wazee wetu bado ni wachache.

Kinachouma ni pengo. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na 60; mpanda karafuu anangojea 70. Kushusha umri hadi 65 kungeongeza sana orodha ya wanaolipwa, na Wizara ya Fedha inalijua hilo. Kwa sasa miaka hiyo 10 inalipwa na watoto wa mpanda karafuu, kama wanacho.