Kumtambua Kiwavi kwa Nyumba Yake ya Hariri

Mwenye bustani aonapo majani ya ua yamekunjwa na kufungwa kwa nyuzi nyeupe, mara nyingi humtuhumu buibui, akashika dawa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Buibui huwala wadudu. Alaye majani ni kiwavi, mtoto wa nondo, ambaye hutoa uzi wa hariri karibu na mdomo wake na kujijengea maficho. Maficho hayo, yakichunguzwa vema, humtaja mwenyewe.

Ishara ya kwanza ni uchafu uliomo. Katika nyumba ya kiwavi mna chembe nyeusi za kinyesi na majani yaliyotafunwa. Katika utando wa buibui mna mabaki ya wadudu walionyonywa.

Ishara ya pili ni mmea pamoja na umbo la nyumba. Juu ya hibiskasi, jani lililozungushwa mfano wa tarumbeta aghalabu hukaliwa na Haritalodes derogata, kiwavi wa kijani kilichopauka, mwenye kichwa cheusi na urefu wa sentimeta 3 hivi. Huyo hushambulia pia pamba na bamia, mimea ya ukoo mmoja na hibiskasi. Juu ya selosia, ua lifananalo na kilemba cha jogoo, majani hushikamanishwa kwa utando mwepesi na kuliwa hata yakabaki mishipa mitupu. Hiyo huwa kazi ya Spoladea recurvalis, adui yule yule wa lenga-lenga. Ama kiwavi atembeaye na mfuko wa hariri uliovikwa vijiti, huyo ni wa jamii ya Psychidae.

Hata hivyo, dalili si ushahidi kamili. Mwenye shaka na amweke kiwavi katika chupa yenye udongo kidogo na majani ya mmea ule ule, aifunike kwa kitambaa chepesi, asubiri. Nondo akitoka, mabawa yatakata shauri: ya Haritalodes ni ya manjano hafifu yenye mistari ya kahawia, ya Spoladea ni ya kahawia yenye utepe mweupe.

Maarifa haya yana faida jikoni pia. Dawa inyunyizwayo juu ya jani lililokunjwa humfikia kiwavi kwa shida, lakini humwua buibui amwindaye, na hubaki juu ya lenga-lenga itakayoliwa. Katika bustani ndogo yatosha kulichuma jani lililokunjwa na kuliponda pamoja na mkaaji wake.